Shati la Bingwa wa Tenisi

Fundi hakukaa darasani hata siku moja, lakini mwili wa mtu aliujua kabla hajauzungushia futi. Miaka ishirini na miwili ya kushona sare na suti ilimfundisha kwamba nguo haina siri: bega likiuma, kitambaa kinajikunja nyuma ya kwapa, nyonga ikiuma, pindo linapanda upande mmoja. Chumba chake kilitazama barabara. Kilikuwa na meza ya kukatia, pasi ya mkaa, na cherehani nyeusi ya chuma aliyoachiwa na mama yake, rangi imekwisha pale kiganja kinapozungusha gurudumu.

Mumewe alikuwa na benchi lake hapo mlangoni, na kazi yake ilikuwa simu. Wenzake walibeti mpira wa miguu. Yeye alibeti tenisi. Mpira, alisema, una watu ishirini na wawili wa kukuangusha, tenisi ina wawili tu.

"Watatu," fundi viatu wa chumba cha pili alimsahihisha. "Umejisahau mwenyewe, shemeji."

Siku moja mke alipita na pasi mkononi, akatupia jicho ile simu. "Huyo wa shati jeupe bega lake la kulia bovu," alisema. "Ona kitambaa kinavyomvuta. Anaficha."

Mume alicheka. Chai haijapoa, yule wa shati jeupe alikuwa ameketi kitini akikandwa bega, na mechi ikamshinda.

Tangu hapo, kila mashindano yakianza, simu ililetwa mezani. "Mama watoto, hebu nitazamie." Naye anatazama, pini mdomoni. Huyu mzima. Huyu goti. Hakukosea mara nyingi, na pesa zikaja, ila chumba kile hazikukijua. Mume alinunua viatu vya ngozi, watu wakaanza kumwita Profesa, wakajazana kwenye benchi kuomba mikeka ya ushindi, yaani orodha za mechi za kubetia. Wakiuliza siri yake, anajigonga paji la uso. "Hesabu," anasema. Mke anayasikia hayo akiwa hatua tatu tu nyuma yake, mguu kwenye pedali, na ananyamaza, kwa sababu alilelewa kuamini kwamba sifa ya mume ni sifa ya nyumba. Mara moja aliomba anunuliwe taa ya kushonea, maana macho yameanza kuchoka.

"Wewe kazi yako kukanyaga," aliambiwa. "Ya kufikiri niachie mimi."

Kisha simu ikaacha kuletwa. Profesa alijiona amehitimu.

Wiki ya fainali kubwa alikopa kwa mwenye duka la vyuma, akaweka cherehani rehani. Karatasi ilitaka idhini ya mwenye mali. Alimwambia mkewe ni fomu ya kupunguziwa kodi ya chumba, na mkewe, ambaye herufi zote kwake zilikuwa sawa, akachovya dole gumba kwenye wino.

Fainali ilichezwa alasiri, benchi likiwa limejaa. "Mnaliona bega la bingwa?" Profesa aliwaonyesha. "Kitambaa kinavuta. Amekwisha huyo." Alikuwa ameliona hilo tangu nusu fainali, na dau lote alimpa mpinzani.

Bingwa alishinda seti tatu mfululizo, hata jasho hakufuta.

"Mkeka umechanika, Profesa," fundi viatu alisema, lakini safari hii hakucheka.

Watu walipotawanyika, mume aliingia ndani, akaweka simu yenye marudio ya mechi juu ya kitambaa kilichokatwa nusu. "Nitazamie. Bega hili si bovu?"

Mke alitazama kwa muda mrefu.

"Bega zima. Shati ndilo bovu. Ni jipya, mkono wameupachika mbele mno, ndiyo maana mgongo unavuta. Bega likiuma, kunjo linahama kila akiinua mkono. Hili halihami."

"Mbona hukusema?"

"Ulinionyesha?"

Ndipo mume akamwambia habari ya karatasi, akiwa ametazama viatu vyake.

Asubuhi mwenye duka la vyuma alikuja na mkokoteni na vijana wawili wa kubeba. Mke aliomba aonyeshwe ile karatasi. Maneno yaliyoandikwa hakuyajua, lakini chini yake aliona alama ya dole gumba yenye kovu katikati, pale sindano ilipompitia akiwa msichana. "Hiki kidole changu," alisema. Hakugombana na mtu. Alitoa uzi, akatoa sindano, akafuta mafuta kwenye gurudumu, akakaa pembeni wapite.

Sasa anashona kwa mkono, vifungo na pindo, palepale mezani. Mwezi uliofuata mashindano mengine yalianza, na mume akaingia na simu, safari hii kwa adabu.

"Mama watoto, hebu nitazamie huyu mmoja tu."

Mke alikata uzi kwa meno. Hakuinua macho.

"Mimi kazi yangu kukanyaga," alisema.

Chini ya meza, mguu wake ulikuwa ukikanyaga sakafu tupu, taratibu, kwa mazoea.