Nafasi ya Tatu kwenye Lista

Niliondoka Buterere kwa sababu ya jina moja. Consolata, mjane wa Zakaria, muuza mchicha, tulimweka mkutanoni wa tatu kwenye lista ya wagombea wa parti, chama chetu, kwa baraza la komine, wilaya yetu. Wiki haijaisha tukasikia kwamba lista iliyopigwa mashine kule mjini Rohero inamtaja wa tisa.

Wenzangu walisema si neno, jina si bado limo? Nikawaambia kuandikwa si kuingia. Uchaguzi ule haukuwa wa kuchagua mtu. Unapigia parti kura, viti vinagawanywa kwa kadiri ya kura, halafu kila parti inajaza viti vyake kuanzia jina la juu. Ikipata viti vitatu au vinne, wa tisa anabaki nyumbani na mchicha wake.

Alfajiri nilipita kwenye matuta ya mpunga, viatu mkononi, maana maji yalikuwa yamefurika. Milimani mizinga ililia, kwa kuwa si waasi wote walikuwa wameweka silaha chini. Kwenye bariyeri askari aliniuliza nakwenda wapi na matope yale. Nikamjibu nakwenda kudai haki ya mtu. Akacheka, akanipisha.

Saa tatu nilifika Rohero, kwenye biro ya parti. Sekretari alikuwa Imakulata, binti wa Leonidas fundi baiskeli. Ubatizo wake nilikuwepo. Alinipa kiti, akanisomea majina. Wa tatu ni Gaspari. Nikauliza Gaspari yupi. Akanong'ona kwamba ni bwana mmoja wa Kiriri, mlimani kwa matajiri, ndiye aliyetoa gari la kampeni. Nikaomba karatasi ya mkutano wetu. Imepotea, akasema, na wa kubadilisha lista ni Shefu Bonifasi, mkubwa wa parti, peke yake, naye yuko kwake, Kiriri hukohuko.

Kwa hiyo nikapanda Kiriri kwa miguu. Jua lilikuwa kichwani nilipofika. Shefu alinipokea vizuri barazani, chai ya maziwa, sukari tele. Alieleza kwamba parti inahitaji watu wenye nguvu, na kwamba wanawake wamo kwenye lista kama sheria inavyotaka.

"Nyogokuru," akaniita, yaani bibi, "uko na karatasi ya kuonyesha alikuwa wa tatu?"

"Apana. Niko na kichwa."

Nikamtajia. Wa kwanza Anatoli, alipendekezwa na Serafina. Wa pili Fidele mwalimu, alipendekezwa na Daforoza. Wa tatu Consolata. "Na we Shefu ulikuwa umekaa karibu na mulango. Uliinua mukono wa kushoto, sababu wa kuume ulishika kofia."

Ndani ya nyumba mkewe akacheka. Shefu akakoroga chai iliyokwisha kukorogwa, kisha akasema Consolata ni mtu mzuri, lakini nani anamjua?

"Na Gaspari nani anamujua? Mumulete leo atembee Buterere. Akipata nyumba ya Consolata bila kuuliza mutu, mi nanyamaza."

Kisha nikamalizia. "Mulituambia kura ni ya parti, si ya mutu. Sawa. Basi wamama wa Buterere watahama parti, wote. Lista yenu itabaki na majina tu."

Akachukua kalamu, akakata mistari miwili, akaandika upya. Sikusimama. Nilimwambia mwandiko wa kalamu unaweza kubadilika njiani. Nataka mashine na muhuri. Tukateremka Rohero kwa gari lake. Imakulata akapiga mashine. Mimi kusoma kwangu ni kwa katekisimu, herufi mojamoja, lakini nilishuka na kidole mstari kwa mstari mpaka wa tatu, na muhuri ukagongwa mbele yangu.

Jioni nilimkuta Consolata anaosha mboga. Hakufurahi haraka. "Nyogokuru, na wakibadilisha tena?" Swali zuri. Kesho yake tulikwenda wamama kumi na wawili, tukasimama nje ya ofisi ya tume ya uchaguzi mpaka lista ikapokelewa.

Nilichojifunza ni hiki. Zamani parti ilikuwa mkubwa mmoja, sisi kazi yetu makofi. Uchaguzi wa lista haukumwondolea mkubwa tamaa, ila ulimlazimisha kuiandika kwa mpangilio, na mpangilio hata mimi naweza kuuhesabu. Ukiachwa bila kulindwa, wenye magari wanapanda juu.

Parti ilipata viti vitatu. Consolata aliingia. Alitaka kwenda Kiriri kumshukuru Shefu, nilimkataza.