Kanisa la Mama, Kanisa la Baba

Asubuhi hii, nikivuka mpaka wa Busia kurudi Uganda, harufu ya ubani kutoka kibanda kimoja ilinisimamisha na begi langu begani.

Nilipokuwa mtoto, kwetu Tororo tulikuwa na makanisa mawili ya wamisionari wa zamani. La mama lilikuwa la Kikatoliki, lenye giza na ubani. La baba lilikuwa la Kiprotestanti, lenye madirisha mapana na harufu ya popo. Mama alipofunga mizigo akarudi kwao Kisoko, baba alinipeleka kanisani kwake. Kabla ya kuketi nikapiga goti moja, kama mama alivyonizoesha.

“Jamani, huyu wa Roma amepotea njia!” mwanamke mmoja akacheka nyuma yetu.

“Inuka, binti,” baba akaninong'oneza. “Hapa hatufanyi hivyo.”

Ibada ilipokwisha nilikimbilia kanisa lile jingine, nikitumaini mama amekuja misa. Nilimkuta mzee anafagia.

“Wote wameenda, mtoto wangu. Mama yako sijamwona.”

Baba alinifuata, akasimama mlangoni. Hakuwa amewahi kuingia humo. Akavua kofia, akaingia.

“Mama yako huketi wapi?”

Nikamwonyesha benchi. Tukaketi, tukaacha nafasi katikati yetu.