Nimeshusha gari, mama mkwe naye akashuka

Jamani, leo nimemshusha mama mkwe kwenye tuta.

Juzi fundi alikata springi za gari langu la zamani, likakaa chini hasa. Vijana wa kwetu Bagara wote wakawa wanageuza shingo kulitazama.

Asubuhi nikampakia mama mkwe, tunaelekea kanisani Bonga. Kufika tuta la kwanza, tumbo la gari likakwama juu.

Nikamwambia kwa adabu, "Mama, naomba ushuke kidogo, livuke."

Akashuka, likavuka, akapanda.

Tuta lililofuata, vilevile.

Akaniuliza taratibu, "Baba Neema, kwani mimi ndiye mzito au gari ndilo fupi?"

😭

Akasimamisha bodaboda, akanipita.

Ibada ilipoisha nikamfungulia mlango wa gari.

"Asante, mwanangu. Mimi nimeshazoea pikipiki."

Wadau, ninyi mngeshusha hadi wapi?