Tundu la Kumi na Mbili

Msomaji wangu, jirani yangu amefariki, na habari za kifo chake nimezipata sokoni. Nilikuwa natoka kazini jioni, nikasimama kwa mama anayetuuzia pondu, majani ya muhogo, na chikwangue, mkate wa muhogo, hapa mtaani kwetu Tshopo, akanitazama kama aliyeona kituko. "Eh, papa, unakuya kununua pondu? Pembeni ya lupango yako kuko matanga. Hauyasikia?" Nikauliza ni matanga ya nani hayo kando ya ua wangu. "Ya papa ule maçon. Siku mbili hakuya kukamata chikwangue yake, njo leo nikaenda kuangalia. Nilimukuta ku kitanda, alikuwa amekwisha." Kutoka nyumbani kwa marehemu hadi meza ya mama huyo ni mitaa mitatu. Kutoka jikoni kwake hadi ukutani kwangu ni hatua sita. Aliyegundua kwamba haonekani ni mama wa sokoni, na niliona aibu hata ya kushika kapu langu.

Marehemu alikuwa mwashi, mtu wa Maniema, mjane ambaye watoto wake walitawanyika mbali. Ndiye aliyejenga nyumba ninayopanga, na katika ukuta unaotazama jiko lake aliweka yale matofali ya matundu tunayoyaita claustras, ili chumba kipate hewa. Matundu kumi na mawili. Hewa ilipita, na moshi nao ukapita bila kubisha hodi. Alipozeeka na kuacha kazi alikuwa anapikia mabaki ya mbao mbichi, na kabla jua halijachomoza chumba chetu kilikuwa kimejaa. Nilinung'unika, lakini nilijua mzee kaamka. Mke wangu alikuwa anampelekea kipande cha bati kuomba makaa ya moto, naye alikuwa anarudi na makaa, salamu, na ndoto ya mzee ya usiku uliopita. Ndoto zake zilikuwa ndefu, na chai yangu ilichelewa sana miaka ile.

Kisha tukapata mtoto, na mtoto akawa na kifua dhaifu. Tulifanya yanayofanywa na kila nyumba ya mji huu. Tulitundika vikwembe vilivyoloweshwa maji dirishani, tukahamishia mbabula yetu, jiko la makaa, nyuma ya nyumba, na Jumamosi, siku ya salongo, usafi wa lazima, mji mzima ulipochoma nyasi na takataka kwa amri moja, tulimbeba mtoto hadi mtoni, kwenye upepo. Bado alikoroma kama mtu mzima. Muuguzi akatuambia wazi kwamba moshi ule utammaliza. Nikamwendea mzee nikiwa nimejiandaa kwa ugomvi. "Papa, mutoto anashindwa kupumua. Ni moshi yako." Mzee akajibu: "Bon. Mi njo nilifungua, mi njo nitafunga."

Kesho yake alikuja na ndoo ya saruji na mwiko wake wa zamani. Alifanya kazi asubuhi nzima, akiziba kwa uangalifu kile alichokifungua mwenyewe. Alipofika tundu la mwisho, la juu pembeni, alisimama. "Hii moja niache? Ni ya juu, moshi haitafika ku kitanda. Nitakuwa nasikia mutoto, na weye asubui utajua kama niliamuka." Alisema akicheka kidogo, nami nikacheka. "Zote, papa. Ziba zote." Akasema, "Alors, zote," akalainisha saruji kwa kiganja, akaenda zake.

Usiku ule mtoto alilala kimya. Sijutii hilo, na asiniambie mtu kwamba moshi ni mzuri. Ninalojutia ni miaka mitatu iliyofuata. Tulinunua jiko la mafuta ya taa, bati la kuombea moto likapata kutu, na salamu zangu kwa mzee zikawa za barabarani, nikiwa na haraka. Sasa ninapopita mitaani naona kila nyumba imeziba upande wake. Jumamosi tunauwasha moshi sote pamoja, kisha kila mtu anajifungia peke yake na kitambaa chake kibichi. Kutwa tunaitana citoyen, yaani raia mwenzangu, lakini hatujui nani hajafungua mlango leo. Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto. Kwa jirani yangu moshi ulikoma siku mbili, na mimi nilikuwa nimejihakikishia kwamba sitauona wala kuunusa.

Basi, msomaji, mlinde mtoto wako. Ziba ukuta ukilazimika kuziba, lakini siku hiyo hiyo ujue umejitwika deni la miguu: kila asubuhi uzunguke ua, ubishe hodi, usubiri sauti iitike. Mimi sikuzunguka. Baada ya maziko niliazima nyundo na patasi, nikapanda juu ya kiti, nikatoboa lile tundu la juu pembeni. Saruji yake ilikuwa ngumu, kazi ya fundi, na juu yake bado ilikuwepo alama ya kiganja. Asubuhi nilisimama chini yake saa ile aliyokuwa akiwasha moto. Hewa iliyoingia ilikuwa safi kabisa.