Pete Nyeupe za Mteremkoni

Haya ninayoyaandika hamtayaamini. Hata dada yangu, mama mzazi wa mhusika, aliyakataa nilipomsomea. Shauri lenu. Mimi shule niliiacha darasa la saba kwa sababu walimu waliishiwa cha kunifundisha, lakini macho ninayo, na mpwa wangu namjua tangu anatambaa.

Binti huyo anafundisha misitu na uhifadhi chuoni, na wanafunzi wanamwita Mkaguzi. Mpe chenji, ataihesabu mara mbili. Msalimie kwa uchangamfu uliozidi, atajiuliza umemfanyia ubaya gani. Msimcheke haraka. Miaka sita alifundisha kwa mkataba wa muhula, analipwa kwa kipindi, chuo kikifungwa na mfuko wake unafungwa. Wanafunzi aliowashika mkono kuwafundisha kupima mti waliajiriwa na kampuni za mbao, wakawa wanampita barabarani na pikipiki zao, "Shikamoo, mwalimu," naye anatembea kwa miguu kuokoa nauli.

Mwaka wa sita ikatangazwa nafasi ya kudumu. Moja tu. Vyuo vyenye somo la misitu unavimaliza kwa vidole vya mkono mmoja, na waliomo hawatoki mpaka wastaafu, kwa hiyo akiikosa hiyo hana mlango wa pili wa kugonga. Akaomba. Siku hiyohiyo mkuu wa idara akaanza kuwa mwema, tabasamu mpaka masikioni.

"Mwalimu, hebu niazime madaftari yako ya masomo," akamwambia. "Yote."

"Ya nini, mzee?"

"Nayapitia tu."

Mtu ambaye kwa miaka sita hakuwahi kumwazima hata kalamu. Mkaguzi akayapeleka kwanza dukani yakatolewa nakala, kila ukurasa, ndipo akayakabidhi. Jioni akaja kwa mama yake uso umekunjamana kama shati la jana.

"Mkuu ana mtu wake anayemtakia nafasi, anampa ayasome," akasema.

"Au anataka kujifunza. Kula," mama yake akajibu.

"Mama, wewe unaamini kila mtu."

"Na wewe umeinua sahani yangu unaichungulia chini. Unatafuta nini huko, mwanangu?"

Akaishusha sahani, akala.

Siku nne kabla ya usaili alipanda kwenye shamba la miti ya mazoezi, lile lililo kwenye mteremko nyuma ya mabweni. Huko akamkuta mwanamume wa miaka thelathini hivi, buti mpya bado zina kibandiko cha bei, utepe wa kupimia mkononi, daftari kwapani.

"Habari za kazi, kaka?"

"Kazi gani, dada? Napunga upepo tu."

Anapunga upepo na utepe. Mkaguzi akaelewa palepale: huyu naye ameomba nafasi, usaili wa vitendo utakuwa wa kupima miti hii, na swali limeshavuja. Kwa nani, hakuhitaji kuambiwa. Si mkuu yule wa tabasamu?

Buti Mpya akagusa shina lililopakwa pete ya rangi nyeupe. "Hizi pete ndipo mnapopimia?"

Sasa hapa mnisikilize. Unene wa mti unapimwa usawa wa kifua, mita moja na sentimita thelathini kutoka ardhini, na mti ukiwa kwenye mteremko unasimama upande wa juu. Miaka miwili nyuma, Mkaguzi akiwa kitandani na homa, wanafunzi walipaka pete zote wakiwa wamesimama upande wa chini. Zikakaa chini mno, pale shina linaponenepa, na ukipimia hapo kila mti unatoka mnono kuliko ulivyo. Tangu hapo alifundisha kwa fimbo aliyoikata kwa kipimo, akawaambia wanafunzi wazisahau pete.

"Ndipo wanafunzi walipopaka," akamjibu, akageuka, akateremka.

Uongo si uongo, ukweli si ukweli. Lakini siku zilizobaki hakula vizuri, maana safari hii aliyemtilia shaka ni yeye mwenyewe. Akaniuliza, "Mjomba, nimefanya ubaya?" Nikamwambia mtu anayepunga upepo hahitaji kipimo sahihi.

Siku ya usaili wakaingizwa shambani mmoja mmoja, miti arobaini, waandike shamba lina mbao kiasi gani. Buti Mpya alitoka baada ya dakika ishirini, suruali haina hata tone la umande. Mkaguzi alitumia saa mbili na fimbo yake, akatoka ana majani kichwani. Kumbe jopo lilikuwa na bwana miti wa kutoka nje ya chuo, mzee mkavu, aliyeipima miti hiyo mwenyewe mapema.

Wakaitwa mezani wote wawili.

"Namba zako zimevimba," mzee akamwambia Buti Mpya. "Ulipimia wapi?"

"Kwenye alama."

"Alama kapaka nani?"

Buti Mpya akafungua daftari lake, akalifunga. Mkaguzi akaanza kupumua, na mzee akamgeukia yeye.

"Na wewe ndiye mwalimu wa hapa. Alama mbovu umeziacha miaka miwili watu wanajifunzia?"

Miaka sita ya vipindi ilining'inia hapo. Mpwa wangu akafungua mkoba, akatoa nakala za barua tatu za kuomba rangi ya kupaka pete upya, kila moja na mhuri wa kupokelewa. Nani hutunza nakala ya barua ya kuomba debe la rangi? Mtu asiyemwamini mtu.

Mzee akazisoma, akamtazama mkuu wa idara. Mpwa wangu akasubiri mkuu azikane.

"Zilifika kwangu," mkuu akasema, sauti ndogo. "Sikuzijibu. Na madaftari yake haya hapa, nilitaka myaone. Huyu anafundisha bila rangi na bila chochote."

Nani basi aliyevujisha swali? Mpaka leo hajulikani. Mkaguzi ana orodha yake ya watu watano, na mkuu bado yumo, safari hii kwenye namba ya tano.

Baada ya wiki tatu barua ikaja, amepata. Aliisoma mara nne akitafuta mtego, akaupata: mwaka wa kwanza ni wa majaribio. Akafurahi, maana barua isiyo na mtego ingemtisha. Na mshahara, ndugu zangu, mshahara waliomwandikia ulikuwa mara tano ya ule wa vipindi, na jopo zima la watu kumi na wawili likasimama likapiga makofi mpaka yule mzee mkavu akatoa leso, aka—

"Mjomba, lete hiyo karatasi. Walikuwa watatu, na barua ililetwa na tarishi. Mshahara umezidi kidogo tu, ila na likizo nalipwa. Leso ya nani?"