Ngoma Ndogo za Mwalimu Laetitia

Tangu Profesa Dieudonnée, msimamizi wake wa chuo kikuu, apige simu kutoka Kisangani, Laetitia hakutulia. Alikuwa akifundisha fizikia kwenye shule ya sekondari pale Kabambare, huku akiandika kazi yake ya chuo kikuu: hesabu za ngoma mbili, kila moja nyembamba kuliko unywele, zilizounganishwa na kupozwa kwa baridi kali kabisa hadi mtikisiko ubaki chembe moja tu. Chembe hiyo haigawanyiki. Ngoma zote mbili zinaishika kwa pamoja, na kabla ya kuipima huwezi kusema iko kwa hii au kwa ile. Katika hesabu za Laetitia ilidumu bila kupotea.

"Hesabu zako ni nzuri mno," profesa alimwambia katika simu hiyo. "Kuna kitu umesahau. Kitafute."

Akakitafuta wiki nzima. Darasani alianza sentensi ubaoni akaiacha katikati. Nyumbani alimega bukari, ugali wa kwao, akairudisha kwenye sahani.

"Mama Heri, chakula inapoa," alisema Asani, mumewe.

"Niache kwanza, Baba Heri. Niko nawaza."

"Uko nawaza tangu siku ya kwanza ya juma."

Jumamosi akatoka uani, akaning'iniza bido mbili, madumu ya plastiki yenye maji, kwenye kamba ya nguo bila hata kuanua mashuka. Akasukuma moja. Ikabembea, ikapunguza mwendo, na ya pili ikaanza kubembea hadi ile ya kwanza ikasimama. Kisha zikarudishiana. Hilo alilijua tangu zamani. Ila kila zamu bembea ilikuwa ndogo zaidi. Akashika nguzo iliyofungiwa kamba. Nayo ilikuwa ikitikisika.

"Nguvu inakimbilia ku nguzo," akasema peke yake. Katika hesabu zake ngoma zilielea tu, hazikushikiliwa na kitu.

Akaitikisa nguzo kwa nguvu apate hakika. Asani aliposikia kishindo akatoka mbio, akakuta nguzo imeng'oka na mashuka yako matopeni.

"Sasa hii ni nini?"

"Nimepata kosa yangu."

"Na mashuka?"

Wakayafua upya pamoja. Laetitia alieleza, povu hadi viwikoni. Asani aliuliza kidogo, akakamua sana.

Hesabu mpya hazikupendeza: chembe ilivujia kwenye fremu inayoshikilia ngoma, ikapotea upesi. Akazituma hivyo hivyo. Jibu la profesa lilikuwa fupi: "Hizi ninaziamini."

Laetitia alifurahi kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Halafu akaanza kujiuliza fremu ya namna gani ingepunguza kuvuja huko, akasimama, akazunguka meza.

"Keti, Mama Heri."

"Nitaketi," akajibu, akiwa tayari yuko mlangoni.