Kutubu Hakumo Kwenye Ratiba

Ati tulipie kupanda mlima! Sisi watu wa Boito, ambao ukitoka jikoni kwenda kuchuma chai umeshapanda mmoja na kushuka mwingine, na kikapu kiko mgongoni. Lakini mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa alikuwa ameona picha za watu wa Nairobi wakitembea porini na fimbo mbili mbili, akawashwa. Akatangaza safari ya siku moja: asubuhi monasteri ya zamani upande wa Kericho, mchana kilima kilicho nyuma yake. Fulana zikachapishwa HIJA NA MLIMA. Yangu ilinibana kwapani siku nzima, kwa hivyo nisamehewe baadhi ya haya ninayoyasema.

Baba yangu, mzee aliyekula chumvi nyingi na ambaye siku hizi hata harusi ya jirani haendi, alikuwa wa kwanza kuandikisha jina. Ujanani mwake alikuwa mkamuaji wa ng'ombe wa watawa wa pale. Nikamuuliza anaenda kutafuta nini.

"Kutupu," akasema, neno hilo kwa Kiswahili. Ulimi wa baba ni wa Kipsigis safi, b yake hutoka p, nasi nyumbani tumezoea. Alitaka kutubu. "Kuna kitu nilifanya pale. Nataka kumwambia padre wa pale pale. Huyu wetu ni mtoto."

Nikamuuliza mwenyekiti kama watawa wapo. "Wapo, wanatungoja," akajibu bila hata kumeza mate. Basi baba akanyoa ndevu, akavaa koti la Jumapili, na njia nzima midomo yake ilikuwa ikichezacheza. Alikuwa akijikumbusha maneno. Dhambi zake zote huziungama kwa Kiswahili, kwa sababu wale watawa Wazungu ndivyo walivyomfundisha, na tangu hapo hajabadilisha.

Monasteri yenyewe ni nzuri, sikatai. Kuta nene za mawe, ua wenye kivuli, kisima katikati. Kisha akaja mwongozaji, bwana mmoja mwenye beji kifuani na uongo mdomoni. Eti mawe yale yaliletwa kwa meli kutoka Ulaya. Baba akaninong'oneza kwamba yalichimbwa hapo chini mtoni. Eti watawa hawakuwahi kuonja hata yai. Baba akakohoa. Wenzangu walikuwa wakiitikia kila neno, na wengine wamepiga magoti wapigwe picha, jicho moja limefungwa na lingine liko kwenye simu. Wanafiki wakubwa. Mimi huketi nao benchi moja kila Jumapili, nawajua.

Ndani ya kanisa baba alisubiri mpaka pakatulia. Akavua kofia, akamsogelea mwongozaji.

"Nataka kutupu," akasema.

"Ndiyo mzee, ni tupu!" mwongozaji akajibu kwa furaha. "Tupu kabisa. Watawa walihama miaka mingi iliyopita, hata padre hatuna."

Watu wakaangua kicheko. Mwenyekiti alicheka mpaka akashikilia benchi. Nami nilicheka, lazima nikubali, kabla sijauona uso wa baba. Ndipo nikawaka.

"Kutubu! Anasema kutubu, kwani huna masikio? Na wewe mwenyekiti, si ulisema wanatungoja?"

Mwenyekiti akajitia hamnazo. Mwongozaji naye akaangalia karatasi yake, haki ya Mungu aliiangalia, akasema, "Kutubu hakumo kwenye ratiba, mama." Kisha mwenyekiti akapuliza filimbi. Filimbi, kanisani! Ati tusichelewe mlima.

Nilimwambia baba tubaki kwenye basi. Akakataa, akasema hakuvaa koti ili aachwe garini kama gunia. Tukapanda polepole. Mbele yetu mwenyekiti alikuwa akichomachoma nyasi kwa zile fimbo zake, viatu vipya vikimtelezesha, huku akimfundisha mama mmoja jinsi ya kukanyaga kisigino. Mama huyo amechuma chai miteremkoni tangu msichana. Alimsikiliza kwa adabu, akampita.

Nusu ya njia baba akaketi juu ya jiwe, wengine wakaenda kupigana picha kileleni. Hapo nikapata nafasi yangu. Nikaanza na fimbo, nikaja kwa viatu na filimbi, nikamalizia na mwongozaji na ukoo wake wote. Siku hiyo nilikuwa na kipaji.

"Umewasema wote tangu asubuhi," baba akanikatiza, kwa Kiswahili, ingawa sisi wawili huongea Kipsigis. "Na mimi niseme."

Nikadhani anaomba nafasi ya kuongea. "Sema, baba."

Akavua kofia. Akasema kwamba alikuwa akinywa divai ya misa, kidogo kidogo, kila alipopeleka maziwa. Watawa walipogundua inapungua wakauliza, naye akataja jina la mkamuaji mwenzake, mtu wa Kisii waliyekuwa wakila naye sahani moja. Mtu huyo alifukuzwa siku hiyo hiyo kwenye mvua, godoro kichwani, mke wake mjamzito akimfuata. Alimkuta baba langoni. Hakumtukana. Alimwambia tu amkamue taratibu yule ng'ombe mwekundu, kwa sababu chuchu moja ina kidonda. Hawakuonana tena.

"Nimesema," baba akaniambia. "Sasa wewe niseme. Kama ulivyowasema wale."

Ndipo nikaelewa kwamba nilikuwa nimemsikia vibaya. Ningeweza kumwambia Mungu husamehe. Ningeweza kumshika mkono tu. Lakini mdomo wangu, ambao haukuwa umefungwa tangu alfajiri, ukatoa mzaha, kwa mazoea.

"Kwani hiyo divai ilikuwa tamu?"

Baba hakucheka. Alilifikiria swali lile vizuri, akanijibu kama mtu aliye mbele ya padre.

"Ilikuwa tamu," akasema. "Hata jioni ile alipofukuzwa, nilikunywa."